Bazalti ya Kwa Ndahani

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Mkutano wa dharura ofisini. Chai haikuwepo. Tangu uchumi uwe huria, chai nayo imejipatia uhuru wake, haiji tena kazini.

Mama Restuta, mkuu wetu wa kitengo cha ramani za miamba, alisema serikali inapunguza wafanyakazi. Alisema kwa upole, kama nesi aliyeficha sindano mgongoni. Wachora ramani tupo wawili, mimi na Halfani. Atabaki mmoja. Shiti zetu, yaani karatasi za ramani, kila mtu na eneo lake, zitakaguliwa wiki ijayo, na mwenye shiti yenye jambo la maana ndiye atakayebaki.

Shiti yangu ni ya Bahi. Graniti kuukuu na matope. Nimeipaka rangi mbili tu, waridi na kijivu, na hiyo ya kijivu ilikuwa bahati mbaya, kalamu ilivuja. Shiti ya Halfani inapakana na yangu upande wa kaskazini, nayo ni graniti tupu. Lakini Halfani ni mtu wa Tanga, hupiga pasi suruali ya porini na hutandika leso kabla ya kukalia jiwe. Watu wa namna hiyo hawapunguzwi.

Nyumbani nimemwambia mke wangu Loisi. Hakulia. Aliuliza tu nikipunguzwa, nyumba hii ya serikali tunatoka lini. Kisha akauliza habari za kiwanja chetu cha Miyuji. Kiwanja kipo. Kina mbigili za kutosha na mbuzi wa jirani. Matofali ndiyo hayapo. Mwaka jana nilibuni mpango madhubuti: shemeji Obedi, mdogo wake Loisi, afyatue matofali kule Bahi na kuyachoma kwa pumba za mpunga, ambazo mashineni hutolewa bure. Kila tofali lipigwe herufi zangu, B.N., yaani Bartolomayo Ndahani, wezi wapate aibu. Mwenyewe sikwenda kuangalia. Mbu wa Bahi hawana adabu. Oktoba Obedi akaleta habari kwamba mafuriko yameyasomba yote. Nilisikitika kiasi kwamba sikukumbuka kuuliza ni mvua gani hiyo iliyonyesha Oktoba.

Loisi anakumbuka. Ananikumbusha kila tukila.

Jumatano, 4 Septemba

Nimegundua volkano!

Niandike kwa utulivu. Asubuhi nilikwenda Bahi na Iddy, dereva wetu, nikitafuta chochote ambacho si graniti. Iddy alitafuta kivuli. Baada ya mashamba ya mpunga, karibu kabisa na mpaka wa shiti ya Halfani, nikaona kichuguu kikubwa cheusi, kirefu kuliko mimi, nyasi zimeota pembeni. Nikakigonga kwa nyundo. Kikalia kama kengele. Graniti hailii hivyo. Jiwe jeusi, linang'aa kama chupa, limejaa matundu kama andazi lililozidishiwa hamira. Mahali pengine limetiririka, likachuruzika, likaganda. Chini yake udongo umeungua ukawa mwekundu.

Lava! Bahi! Wazungu wamepita hapa na vifaa vyao miaka na miaka, hawakuona kitu. Ilibidi asubiriwe Bartolomayo.

Zaidi ya hayo, ndani ya jiwe mna alama ndogondogo za punje, nyingi mno. Nyasi za kale! Zilinaswa na lava ikiwa bado uji. Nimekaa chini nikapumua. Sikutandika leso.

Likabaki jina. Kanuni za kuupa mwamba jina ni kali kuliko za kumbatiza mtoto. Jina lisiwe la mtu. Liwe la mahali palipo jirani, panapojulikana na wenyeji kwa jina hilo hilo. Na anayewahi kulitumia ndiye mwenyewe, wa pili anameza mate. Kanuni ile ya kwanza imenikera tangu chuoni. Nimeshawahi kuliandika jina langu pembeni ya daftari na neno "Bazalti" mbele yake, maana ndilo jina la lava iliyoganda, kuangalia tu linavyokaa. Linakaa vizuri.

Akapita mama anachunga mbuzi, anaitwa Mama Edina. Nikampa shikamoo, nikamwuliza hapa panaitwaje. Akasema hapa ni Kwa Ndahani.

Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani nina matatizo ya masikio. Kwa Ndahani. Kila mtu anajua.

Nikamwuliza huyo Ndahani ni nani. Akasema hajawahi kumwona kwa macho. Husikia tu kwamba ni mtu mkubwa, yuko mbali, wala hafiki. Basi nikaelewa. Babu yetu aliwahi kupita huku na ng'ombe wake, na heshima yake imebaki midomoni mwa watu mpaka leo. Mama Edina alikuwa na maneno mengine, mdomo tayari umefunguka, lakini nikamshukuru haraka. Mtafiti mzuri anajua wakati wa kuacha kuuliza.

Bazalti ya Kwa Ndahani. Kanuni haikuvunjwa hata moja. Mungu si Athumani.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeweka jiwe mezani kwa Mama Restuta. Amelishika, amelipima uzito kwa mkono, amelitazama kwa lenzi. Amesema ni la ajabu kidogo. Kwa Mama Restuta, "ajabu kidogo" ni sawa na vigelegele.

Nimemwonyesha nyasi za kale. Amezitazama muda mrefu, kisha amenitazama mimi muda mrefu.

Nimefungua na shiti mpya. Kichuguu chenyewe ni kidogo, si siri. Lakini vitabu vinaruhusu: pale mwamba unapofunikwa na udongo, mipaka yake huchorwa kwa nukta, maana yake tunadhani upo chini. Na mbuga ya Bahi yote imefunikwa na udongo. Kwa hiyo nimetia nukta. Zimetoka magharibi, zikazunguka mbuga, zikavuka reli, zikakaribia Zuzu. Hapo wino ukaisha. Ingekuwa kalamu nzima, ningefika Dodoma mjini.

Tena nimeigawa. Lava haimwagiki mara moja tu. Unamwagika mtiririko wa kwanza, unapoa, unakuja mwingine juu yake, na kila mmoja unahesabiwa peke yake. Nimeona mitatu: wa Chini, wa Kati, na wa Juu. Wa Kati sina uhakika nao, lakini huwezi kuwa na wa Chini na wa Juu pasipo wa Kati.

Halfani aliingia kuazima rula. Akaliona jiwe. Akaisahau rula.

Jumatatu, 9 Septemba

Wizi! Wizi wa mchana!

Halfani ameingia kwa Mama Restuta leo asubuhi na jiwe lake. Jeusi, linang'aa, matundu yale yale. Amesema anashangaa kusikia kelele zote hizi, kwa sababu lava hiyo yeye aliiona Machi mwaka jana. Alikuwa hajaitangaza kwa unyenyekevu tu. Unyenyekevu! Mtu mwenye vioo viwili mezani! Anadai ilianzia kwenye shiti yake, ikachuruzika ikaingia kwangu, na alikwisha kuipa jina kutokana na kijiji kilichoko upande wake: Bazalti ya Chihembwe. Yeye ndiye wa kwanza kulitumia, mimi nimeze mate.

Ukweli nimeutoa kwa Iddy. Jumamosi Halfani alimwomba gari aende kumwona mgonjwa. Wakaenda moja kwa moja kwenye kichuguu changu. Mgonjwa alipigwa nyundo, akatiwa mfukoni.

Tumeziweka shiti zetu pamoja mezani. Nukta zake na nukta zangu zilipaswa kukutana mpakani. Hazikukutana. Zangu zinapita kusini ya zake, kama watu wawili waliogombana wanaopishana njiani. Akasema nimekosea. Nikasema amekosea. Akasema mtiririko ni mmoja. Nikasema ni mitatu. Akasema tuseme miwili. Nikasema mimi si muuza mitumba, jiwe halina bei ya kuelewana.

Mama Restuta akagonga meza. Amesema Alhamisi tunakwenda wote. Yeye mwenyewe ataligonga jiwe, na atawauliza wenyeji mahali pale panaitwaje. Atakayeonekana mkweli atabaki kazini. Mwingine ajiandae.

Loisi nimemwambia mambo yanakwenda vizuri mno. Amesema ndivyo nilivyosema kuhusu matofali.

Jumanne, 10 Septemba

Sina wasiwasi. Ila mtu hafungi ng'ombe kwa maombi. Nimempa Iddy kilo ya sukari ampelekee Mama Edina, ili Alhamisi kumbukumbu yake isitetereke.

Iddy amerudi jioni. Amesema Mama Edina ameipokea sukari kwa mikono miwili, ila hakuelewa ni ya nini, kwa sababu pale ni Kwa Ndahani hata bila sukari. Iddy amewauliza wachunga ng'ombe. Kwa Ndahani. Amemwuliza muuza samaki. Kwa Ndahani, karibu na pale. Ningejua ningeokoa sukari. Loisi ameshaanza kuiulizia.

Halfani naye hakulala. Amepigilia kibao kandokando ya lava, kimeandikwa CHIHEMBWE kwa rangi nyeupe, herufi safi, hilo silikatai. Iddy anasema kibao kilisimama tangu asubuhi mpaka saa sita. Saa hizi ni mlango wa banda la kuku.

Nimecheka mpaka Loisi amekuja kuchungulia.

Alhamisi, 12 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulifika Kwa Ndahani kabla ya jua kuwa kali. Mama Restuta amevaa raba na kofia pana. Halfani na leso yake. Mimi nimevaa tai, kwa sababu nilidhani kutapigwa picha.

Mama Edina aliitwa. Mama Restuta akamwuliza panaitwaje. Kwa Ndahani. Wachunga ng'ombe: Kwa Ndahani. Chihembwe je? Wakacheka, wakasema Chihembwe ni kule, tena kule hakuna kitu. Nilimwangalia Halfani. Alikuwa anafuta kiatu. Kwa muda mfupi, naapa, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nyanda za kati.

Ndipo ikatokea baiskeli. Obedi, shemeji yangu, fulana ya chama kimoja, kofia ya chama kingine. Hajakanyaga kwangu tangu Krismasi. Alipoona gari la serikali, bosi mwenye nyundo, na mimi nimevaa tai, akaiangusha baiskeli, akapiga magoti vumbini.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Usinipeleke polisi. Sikukusudia."

Nikamwambia anyamaze, tuko kwenye shughuli ya kisayansi. Hakunyamaza. Watu wa kwao Loisi wakianza kusema ukweli hawana breki. Akasema mafuriko hayakuwepo. Akasema Oktoba mwaka jana alilijaza tanuri pumba mpaka juu, akaliwasha, akaenda mara moja tu kwenye mkutano wa kampeni. Pale wakamgawia kofia. Akasikia chama kingine kinagawa fulana, akaenda. Kingine kilikuwa na ubwabwa. Aliporudi tanuri lilikuwa limepandwa na wazimu, upepo unalipuliza, matofali ya nje yameyeyuka yakashikana kama nta. Akaona aibu. Akasingizia mafuriko.

Nikasema hayo yote ni ya kusikitisha, lakini hayahusiani na lava.

Mama Restuta alizunguka nyuma ya kichuguu, akachagua kona, akapiga. Mama yule ana mkono! Ganda jeusi likadondoka vipande. Ndani yake kulikuwa na tofali. Zima, jekundu, limenyooka. Akalitoa, akalipuliza vumbi, akanipa mimi nilisome. B.N. Herufi zimetoka vizuri sana, lazima niseme. Obedi ana mkono wa kupiga chapa.

Mama Restuta akachukua na lile jiwe la nyasi za kale. Akauliza hizi si pumba za mpunga? Nikasema inawezekana ni mpunga wa kale.

Mama Edina sasa akapata nafasi ya kumaliza maneno yake ya Jumatano. Alisema Ndahani ni mwenye tanuri, mtu wa serikali, asiyefika kuangalia mali yake. Akaniuliza kama namfahamu.

Halfani akakohoa. Akasema mbele ya Mama Restuta kwamba yeye ni mtu wa kanuni, na kwa heshima na taadhima anaondoa dai lake. Lava ni ya Bartolomayo. Hata jina lake limo ndani.

Hapo Mama Restuta akamgeukia. Akamwuliza kwa upole ule ule wa sindano: bwana Halfani, wewe uliiona Machi mwaka jana. Tanuri limechomwa Oktoba. Uliiona lava hii kabla udongo wake haujafyatuliwa?

Halfani akaitafuta leso. Alikuwa ameikalia.

Kurudi, Iddy alifungua redio, Mama Restuta akaizima.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumepunguzwa wote wawili. Mama Restuta amesema shiti zote mbili atazimalizia mwenyewe, kwa rangi moja, na nukta hatatumia kabisa. Nyumba ya serikali tuitoe mwisho wa mwezi.

Nilimwona Halfani anabeba vioo vyake. Nilitaka kumcheka. Haikuja. Tukapeana mikono kama wafiwa. Akasema, baina yetu, mtiririko ule wa Kati ulikuwa umebuniwa. Nikasema, na Machi je?

Loisi nilimkuta jikoni. Nilisimama mlangoni, sikujua nianzie wapi, na nakiri machozi yalinilenga, kwa sababu mke wangu amepanga vyombo vyake katika nyumba ile kwa miaka mingi na hakuna hata kimoja kilichovunjika. Nikamwambia yote. Volkano, babu, tanuri, Obedi, mwisho wa mwezi.

Akauliza swali moja: lile tofali la ndani lilikuwa zima?

Nikasema zima kabisa.

Akafunga kanga vizuri, akatoka kwenda kwa wenzake wa upatu kuomba zamu yake iletwe mbele.

Jumamosi, 14 Septemba

Loisi amekodi lori. Obedi amepakiwa nyuma na sururu, kama kitubio. Mimi nimefuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Walianza kubomoa kabla sijashuka. Ganda likang'olewa. Chini ya ganda, matofali! Safu juu ya safu, yameiva, mekundu, ukiyagonganisha yanalia. Nyumba nzima ilikuwa humo, imekaa mwaka mzima inatusubiri. Loisi alisimama katikati ya vumbi, mikono kiunoni, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Sijamsikia akiimba tangu mafuriko. Hata hilo ganda amesema lisitupwe, lipondwe liingie kwenye msingi, ni gumu kuliko kokoto.

Lipondwe! Nikashindwa kuvumilia. Nikawaeleza kwamba kila mwamba wenye jina una mahali pake pa mfano, pale ambapo mgeni hupelekwa kuonyeshwa mwamba wenyewe, na mahali pa mfano hapabomolewi. Wakaendelea. Nikalala juu ya Mtiririko wa Juu, chali, mikono nimeitanua, nikasema watapita juu yangu.

Loisi akapita juu yangu. Obedi akapita juu yangu na karai, akasema samahani shemeji. Mama Edina alileta togwa, watu wote wakanywa. Mimi nilinyweshwa nikiwa nimelala.

Lori limekwenda Miyuji na kurudi mpaka giza likaingia. Mbuzi wa jirani amefukuzwa kiwanjani. Fundi anaanza Jumatatu.

Jumapili, 15 Septemba

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiri. Na katikati ya wimbo wa mwisho, watu wamesimama, ikanijia yote kwa pamoja mpaka nikakaa.

Tumemwamini Obedi haraka mno! Kwanza, ni mwongo anayejulikana. Mtu aliyesingizia mafuriko atashindwaje kusingizia pumba? Pili, nani amewahi kuona pumba za mpunga zikiyeyusha udongo ukawa chupa? Pumba! Kitu tunachowapa kuku! Tatu, sote tuliona kwa macho: ganda jeusi lilikuwa juu, matofali yalikuwa chini. Na sheria ya kwanza kabisa ya miamba, ile anayofundishwa mwanafunzi siku ya kwanza, inasema kilicho juu ndicho kilichokuja baadaye.

Yaani matofali yalikuwepo. Kisha lava ikaja ikayafunika.

Volkano ililipuka Bahi, Oktoba mwaka jana, wakati nchi nzima iko kwenye kampeni! Ndiyo maana hakuna aliyeiona. Ni lava changa kuliko zote nchini, na shahidi pekee alikuwa kwenye foleni ya ubwabwa. Wala matofali yangu hayaiharibu habari, yanaipa tarehe. Kesho alfajiri naenda kumweleza Mama Restuta, nikiwa na shiti mpya. Nukta nimekwisha kuanza. Nimewahi pia kumpitia Halfani, na anakubali kushirikiana, mradi mtiririko wa Kati apewe yeye.

Loisi nimemsomea hoja zote tatu wakati anafunga vyombo kwenye magazeti tayari kwa kuhama. Amesikiliza mpaka mwisho. Amesema kama ni hivyo basi msingi wetu utakuwa bado una moto, na mpaka upoe nitakuwa nalala kwenye turubai, nje, nikiulinda.

Nimekubali mara moja. Lazima mtu awepo karibu kupima joto.